Shuka la Kumuaga Komeo

Mbele ya karakana ya mwandika mabango pana benchi refu la mbao ambalo mguu wake mmoja ulikatika zamani, tofali likachukua kazi yake. Upande wa kulia huketi Kijiko, muuza kahawa, na jiko lake la makaa. Walimpa jina hilo kwa sababu hukoroga hata kahawa isiyo na sukari. Mlangoni husimama mwenye karakana, Brashi, ambaye hawezi kusema jambo bila kulichora hewani kwa kidole. Katikati hukaa Breki, dereva wa lori aliyestaafu, na Wembe, kinyozi wa kibanda cha jirani, ambaye humwacha mteja na nusu ya kichwa ili aje amalizie hoja. Wa tano ni Takwimu, aliyefundisha takwimu chuo kikuu mpaka alipostaafu, na ambaye mtu akitaja idadi yoyote humuuliza kaipata wapi. Kati ya Takwimu na ukuta pana nafasi ya mtu mmoja. Ilikuwa ya mke wake, aliyekuja siku za mechi na redio kifuani, akawanyamazisha wanaume wote wanne kwa kidole kimoja, na mumewe wa tano. Wao walimwita Mama Redio. Tangu azikwe hakuna aliyetangaza kwamba nafasi ile isikaliwe, na hakuna aliyeikalia.

Jioni hiyo Takwimu alifika na shuka jeupe, limekunjwa vizuri, akaliweka mapajani. Kesho yake Komeo alikuwa anacheza mechi ya mwisho. Komeo ndiye beki wa kati wa timu yao, na jina hilo alipewa na mashabiki kwa sababu akishasimama mbele ya goli, mlango umefungwa. Benchi zima lilikubaliana kwamba mtu wa namna hiyo haondoki hivi hivi. Lazima limwandikie bango la kitambaa, lenye herufi za kuonekana kutoka ng'ambo ya uwanja. Tatizo lilikuwa kitambaa. Breki alitoa turubai, likakutwa na mafuta ya gari. Wembe alitoa kile anachowafunika wateja, kikakutwa na nywele za mtaa mzima. Ndipo Takwimu aliposema, "Kitambaa kipo," na maneno yakamtoka kabla hajayafikiria.

Kitambaa chenyewe kilikuwa shuka la wageni. Mkewe alilinunua likiwa kitambaa cha jora, akalipinda kwa mkono, akalitia sandukuni. Kila wageni walipofika, alitandika jingine. "Hao si wageni," alikuwa akisema, "hao ni ndugu." Wakaja na watu wasio ndugu, akasema hao wamepita njia tu. Mpaka anaondoka duniani, hakuna mwili uliowahi kulilalia shuka lile. Rangi ikishaligusa halirudi tena sandukuni. Takwimu alilijua hilo alipofungua kifuniko, na alilijua vizuri zaidi sasa, mkono wake ukiwa juu yake.

— Haya, nipeni maneno, alisema Brashi. Rangi ikikaa wazi inaganda, na jua halina mkataba na mimi. Kesho mnataka kitambaa kikavu au mnataka cha kuwapaka watu migongoni?

— Andika hivi, alisema Wembe. "Komeo, mfalme wa dunia yote na vitongoji vyake."

— Dunia ina vitongoji?

— Wewe andika, maswali achia shule.

— Hayaenei. Nikiyabana, atakayeweza kuyasoma ni yule aliyeshika mti.

— Basi niachieni mimi, alisema Breki. "Punguza mwendo, mbele kuna Komeo."

— Mzee, hilo si la nyuma ya lori lako?

— La nyuma ya lori lilisema kona. Hapa nimeweka Komeo. Na niambie, mshambuliaji gani hakupunguza mwendo mbele yake?

— Mimi ningeandika "Usiende," alisema Kijiko.

— Aende wapi? Anaacha mpira, hahami nchi.

— Basi "Usiache."

— Keshasema redioni kwa mdomo wake mwenyewe. Unataka tumbishie na shuka?

Takwimu alikunywa kahawa yake polepole. Aligundua jambo ambalo hakulipenda: kila pendekezo lililokataliwa lilimpa nafuu. Wakiendelea kutokubaliana mpaka jua lizame, shuka litabaki jeupe, na hatakuwa yeye aliyekataa.

— Lakini nyie mnajua kwa nini anatundika daluga? aliuliza Kijiko, akikoroga.

— Goti, alisema Breki. Mambo ya goti niulizeni mimi. Lori likianza kulia kwenye mteremko unajua limekwisha. Mechi iliyopita nililisikia goti lake linalia.

— Ulilisikia ukiwa jukwaani? aliuliza Takwimu.

— Nilikuwa upande upepo unakokwenda.

— Uwanja mzima unapiga kelele, wewe ukasikia goti moja.

— Profesa, sikio langu ni la injini. Mke wangu akihema tu chumba cha pili najua ana hasira.

— Hiyo haihitaji sikio, alisema Wembe. Kwako hasira ndiyo hali ya hewa. Sikilizeni sasa habari ya kweli. Si goti. Washambuliaji wamemshtaki.

— Kwa nani?

— Kwa wakubwa wa mpira. Wamekwenda ujumbe mzima, wamefunga tai. Wamesema, "Waheshimiwa, sisi tunaishi kwa mabao. Huyu bwana katufungia jiko. Nyumbani tunaulizwa tumeleta nini, tunasema tumeleta kona." Wakubwa wakamwita Komeo, wakambembeleza: ndugu yetu, umeshiba sifa, wahurumie wenye watoto.

— Habari hizi umezipata wapi? aliuliza Takwimu.

— Kwa mteja.

— Mteja gani?

— Nilikuwa nyuma yake, kaka. Mimi watu nawajua kwa visogo.

Kijiko aliweka kijiko chini, jambo ambalo hulifanya mara chache, ili wajue kwamba anasema kwa uzito.

— Mimi nimeambiwa ni wanasayansi. Walikuja wakampima nyayo. Wamekuta mna sumaku. Kila mpira unaopigwa golini unamfuata yeye, hata asipotaka. Sasa wanamtaka maabara.

— Mpira una chuma ndani?

— Una pumzi.

— Na sumaku inavuta pumzi?

— Profesa, mimi nauza kahawa. Nakueleza nilichoambiwa.

— Wote mmekosea, alisema Brashi, na kidole chake kikaanza kuchora milingoti hewani, kikaiwekea na nyavu. Sababu ni buibui. Goli letu halijaguswa muda mrefu mpaka buibui wamejenga humo. Wamezaa, wamepata wajukuu. Wataalamu wa wanyama wakaja, wakatazama, wakasema: hapa pasiguswe tena, hii ni hifadhi. Sasa mpira utachezwaje kwenye hifadhi? Ndiyo ikabidi Komeo astaafu, walau bao moja liingie, buibui wahame.

Breki alicheka mpaka tofali likasogea na benchi likainama upande wa ukuta. Wote wakashika vikombe.

— Msimu huu tumefungwa, alisema Takwimu. Nyavu ziliguswa.

— Siku aliyokuwa na homa!

— Na siku nyingine ambazo hakuwa na homa.

— Hizo zilimpita kipa, kaka, hazikumpita yeye. Usichanganye mafaili.

Takwimu alikuwa amegeuza kichwa kidogo kuelekea ukutani, kama alivyozoea, ili aone mwenziwe amelipokeaje neno la buibui. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa upya na Brashi mwezi uliopita. Mahali palipokuwa na alama ya kisogo cha mkewe, alama ya mafuta ya nywele, Brashi hakupaka. Aliizungushia brashi akaiacha. Takwimu alikuwa ameiona siku ileile, na hakuwahi kumwambia kitu.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa mpira. Uwanjani hakuwahi kutia mguu. Mkewe ndiye aliyekwenda na hawa, upande wa jua, kwa tiketi za watu wasio na kivuli, na kurudi nyumbani sauti imekauka. Takwimu alikuwa akisahihisha mitihani, akimsikiliza kwa sikio moja. Siku moja alimuuliza kwa nini ampende beki, wakati waliofunga ndio waliobebwa mabegani. "Wale wana watu wao," alijibu. "Huyu anasifiwa na nani?" Na wakisikiliza redioni, kila mtangazaji aliposema Komeo ameondosha, mkewe aliinama kidogo kuielekea redio akasema, "Asante, baba." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyesogezewa sahani. Takwimu alimwambia hakusikii huyo. Mkewe akamtazama kama mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa. "Mimi namwambia asikie?"

— Jamani, jua, alisema Brashi.

— Lazima tuandike jambo lenyewe, alisema Wembe. Tusimsifu sifa za jumla. Tutaje lile bao aliloliokoa kwenye ile fainali. Mnalikumbuka? Winga wao kaingia huku, kampiga chenga wa kwanza, kampiga tobo wa pili, kipa keshatoka, goli liko wazi kama kinywa cha Breki akilala...

— Niache mimi.

— ...liko wazi kabisa! Na Komeo yuko mbali, yuko kule kwenye jiko. Watu tumeshafumba macho. Sasa tazameni alivyokuja. Tazameni mguu.

Wembe aliinuka. Kikombe kilikuwa mkononi, kimejaa, maana hoja ilikuwa imemzuia kunywa. Alirudi nyuma hatua kadhaa mpaka kwenye jiko, akakimbia, akateleza juu ya mchanga kwa upande, mguu mmoja umenyooka mbele, kama vile alivyofanya Komeo siku ya fainali. Mguu ulifika ulipokusudiwa. Mkono haukuwa na habari na mguu. Kahawa yote iliruka hewani, ikatua mapajani mwa Takwimu, juu ya shuka la wageni.

Hata Kijiko aliacha kukoroga.

Doa lilikuwa kubwa kama kiganja na lilikuwa linaendelea kukua. Takwimu alilitazama likienda. Moto wa kahawa ulimpenya mpaka kwenye ngozi ya paja, na hakusogea.

— Kaka, alisema Wembe, angali amekaa mchangani. Kaka, nisamehe. Niambie neno. Nitukane.

— Hukukusudia.

— Nitalifua. Mke wangu atalifua. Nitanunua jingine.

— Jingine halipo, alisema Takwimu, kwa sauti ileile aliyotumia kumuuliza Breki habari za upepo.

Breki alimtazama, akalitazama shuka, akaitazama nafasi ya ukutani. Breki aliwahi kuwa jirani wa Takwimu kabla hajahama, na mke wa Breki alikuwa akiingia na kutoka nyumbani mle. Akavua kofia.

— Profesa, alisema polepole. Hilo ni lile la sandukuni?

— Ndilo.

— La wageni?

Takwimu alitikisa kichwa kukubali. Wembe akajifunika uso kwa mikono yake miwili, yenye mchanga. Ndipo mwanamke mmoja alipovuka barabara, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni na pini zikiwa zimepangwa kwenye ukosi wa gauni, akasimama mbele yao.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu, kila mtu kwa wakati wake.

— Mimi ndiye fundi cherehani mgeni, nimefungua chumba pale ng'ambo. Nimekuja kuchukua bango langu.

— Karibu, dada, alisema Brashi. Limekauka, bado kulitoboa matundu ya kamba. Subiri kidogo tu.

— Nitasubiri. Hapa pana mtu?

Alikuwa ameonyesha nafasi ya ukutani. Brashi alifungua mdomo, akaufunga. Kijiko alitazama makaa. Wote wakamwachia Takwimu. Jibu la ndiyo lilikuwa uongo, na jibu la hapana alikuwa hajawahi kulitamka. Yule mwanamke akaona wamenyamaza, akachukulia hapana mtu, akaketi. Akaegemea ukuta. Halafu macho yake yakaangukia kwenye shuka, na mambo mengine yote yakamtoka akilini.

— Yallah! Nani kamwaga? Na mmekaa mnalitazama! Maji. Baridi, si hayo ya kwenye birika.

Kijiko alimpa maji kwenye kikombe. Alivuta pembe ya shuka kutoka mapajani mwa Takwimu bila kuomba, kama watu wa kazi yake wanavyomvuta mtu mkono wa shati akiwa amelivaa, akaanza kugonga doa kwa kitambaa kidogo alichokitoa mfukoni. Hakusugua. Aligonga tu.

— Litafifia, alisema baadaye kidogo. Kutoka lote halitatoka. Kahawa ni ya kukubaliana nayo.

Kidole chake kilikuwa kimefika ukingoni. Akaligeuza pindo, akalisogeza karibu na macho.

— Hili limepindwa kwa mkono. Nani kapinda? Mishono imelingana hivi, halafu mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliporuka. Huyu hakuwa na haraka.

— Hakuwa nayo, alisema Takwimu.

Fundi alimtazama mara moja, akaliachia pindo taratibu.

— Sasa lilikuwa linakwenda wapi?

— Uwanjani, alisema Wembe kwa unyonge. Tunamuaga mchezaji. Tunatafuta maneno ya kuandika.

— Mchezaji wa mpira? Mimi huko simo. Alifunga mabao mengi?

— Hakufunga, dada.

— Hata moja?

— Alifunga moja, alisema Breki. Refa akalikataa.

— Sasa mnamwandikia nini?

— Huyu ni beki! alisema Wembe, na uhai ukamrudia kidogo. Kazi yake si kufunga. Kazi yake ni kuzuia yasiingie.

— Ahaa. Na kazuia mangapi?

Lilikuwa swali la mtu anayetaka tu kuelewa. Aliuliza huku akigonga doa. Wembe alijibu upesi.

— Mengi.

— Mengi kama mangapi?

— Mengi kama... Breki, mengi kama mangapi?

— Maelfu, alisema Breki.

Wote wakageuka kumtazama Takwimu, wakingoja amuulize Breki maelfu hayo kayapata wapi. Hakuuliza. Kijiko akasema labda zihesabiwe mechi zote, Brashi akasema mechi ambazo adui hakuthubutu hata kupiga zitahesabiwaje, Wembe akasema na yale ambayo mshambuliaji alimwona tu kwa mbali akatoa pasi nyuma, hayo nayo si ya Komeo? Sauti zao zikapungua moja moja.

Takwimu alikuwa amefundisha miaka yake yote kwamba lisilotokea haliingii kwenye jedwali. Bao likifungwa linapandishwa ubaoni, jina linatajwa, saa inatajwa. Lisilofungwa halina jina wala saa. Alilifundisha hilo na bado aliliona ni sahihi. Ila sasa aliiona nyumba yake. Aliuona ugomvi wake na kaka yake juu ya shamba la baba yao, ambao haukufika mahakamani, kwa sababu asubuhi moja mkewe alikwenda peke yake kwa shemeji zake, akanywa chai, akarudi, na hakusema huko alisema nini. Alimwona binti yao, aliyeapa kwamba shule harudi tena, na ambaye Jumatatu yake alionekana anapiga pasi sare huku mama yake amekaa kitandani anamsimulia jambo la kuchekesha. Na hayo ni yale aliyoyaona. Yaliyoishia jikoni, mlangoni, kwenye simu iliyopokelewa na mkono mwingine kabla ya wake, hayo angeyajuaje?

Na aliiona wodi aliyolazwa mkewe. Mechi ya mwisho waliyosikiliza pamoja ilikuwa mchana, redio ikiwa juu ya mto, sauti imepunguzwa kwa ajili ya wenzake. Mama wa kitanda cha pili akaomba iongezwe. Wa kitanda cha mlangoni, aliyekuwa na dripu mkononi, akauliza ngapi ngapi. Dakika za nyongeza mpira ulikuwa unavuka mstari, mtangazaji keshapaza sauti, halafu akasema hapana, Komeo, Komeo ameutoa, sijui ametokea wapi. Wodi yote ikapiga makofi, mwenye dripu akipiga kwa mkono mmoja juu ya paja. Mkewe akageuza shavu kuielekea redio. "Asante, baba." Kwa muda wote wa mechi ile Takwimu hakuwa na mke mgonjwa. Alikuwa na mke anayesikiliza mpira.

— Hatujui, alisema.

— Profesa? aliuliza Breki.

— Jibu la dada. Hatujui. Na Komeo mwenyewe hajui. Hakuna anayeweza kujua.

Alisimama, akalikunjua shuka. Lilikuwa kubwa kuliko walivyodhani. Breki ilibidi ashike upande wa pili lisiguse mchanga.

— Brashi, andika. "Asante kwa yasiyoingia."

Kidole cha Brashi kiliandika hewani, kikapima nafasi, kikarudi mwanzo.

— Yanaenea, alisema. Yanaenea na yanapumua.

— Jina lake halimo, alisema Kijiko.

— Hata lisipokuwemo, alisema Wembe. Kesho huko uwanjani kuna nani mwingine wa kuambiwa hivyo? Halafu akasita, akautazama ukuta, akainama kukung'uta mchanga kwenye suruali.

Walilitandaza juu ya meza ya karakana. Brashi aliuliza doa liwekwe wapi, juu au chini, akasema anaweza kulifunika kwa herufi nene. Takwimu akamwambia aliache lilipo. Kwa hiyo maneno yalianzia upande msafi, na doa likabaki mkono wa kulia, pale yanapoishia, kama pumziko baada ya neno la mwisho. Brashi alichovya. Herufi ya kwanza iligusa kitambaa. Takwimu alikuwa amejiandaa kwa maumivu ya namna fulani, na yalikuja, lakini yalikuwa madogo kuliko yale ya usiku, alipolala upande mmoja wa kitanda. Ya pili ikagusa, na ya tatu, akajikuta anaangalia kama zinanyooka.

— Likikauka nileteeni, alisema fundi. Mtahitaji njia ya kupitishia miti pande zote mbili. Nitakunja huku na huku. Lile pindo la mkono siligusi, nitashonea ndani yake.

— Utatudai, dada.

— Mmenipa pa kukaa.

— Sasa miti, alisema Breki. Mimi nashika wa kushoto. Wa kulia Wembe.

— Wembe? alisema Brashi bila kuinua macho. Huyu, Komeo akigusa mpira tu, ataacha mti akatuonyeshe alivyoteleza.

— Nimeapa! Kuanzia leo sitelezi tena.

— Nitashika mimi, alisema Takwimu.

Wakamtazama. Breki alirudisha kofia kichwani, akaishusha mpaka kwenye nyusi, kama afanyavyo anapotaka kuficha macho.

— Upande ule jua ni kali, Profesa.

— Najua. Nilikuwa naambiwa.

Kijiko alirudi kwenye jiko. Alikusanya vikombe, akavisuuza, akavipanga, akainamisha birika. Kilitoka kikombe kimoja, kisichojaa. Alikitazama, akapita mbele ya Breki, akapita mbele ya Wembe aliyekuwa ameshanyoosha mkono, akampa aliyekaa ukutani.

— Imekwisha, jamani. Hiki ni cha mgeni.

Fundi alishukuru, akanywa. Aliegemeza kichwa ukutani, mahali palepale palipoachwa bila chokaa, akatazama ndani ya karakana, ambako Brashi alikuwa anamalizia herufi ya mwisho na ulimi umemtoka pembeni ya mdomo.

— Nawauliza kitu, alisema. Uwanja wote huo, watu wote hao, na yeye yuko kule katikati anakimbizana. Hili shuka ataliona kweli?

Wembe alimtazama Breki. Breki alimtazama Brashi. Brashi aliinua brashi juu, isidondoke tone, na safari hii kidole chake hakikuchora kitu. Kahawa ilikuwa imekwisha, kazi imekwisha, na hapakuwa na mtu aliyeinuka kwenda nyumbani.

Takwimu aliketi mahali pake, karibu na mgeni. Benchi likainama kidogo upande wao, tofali likashikilia.

— Tunaandika alione? alisema.